Je, wajua? Bendi ya roki iliyowashwa na shaba ya Zambia, na shaba hiyohiyo ikaizima

Fungua gitaa lolote la umeme, toa kifuniko kilicho chini ya nyuzi, utakuta vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba. Waya huo ni mwembamba kama unywele na umezungushwa mara elfu saba, elfu nane, wakati mwingine zaidi. Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku, umeme hafifu unazaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo unakwenda kwenye amplifaya, na huko ndiko unakogeuka kuwa sauti. Bila shaba hakuna gitaa la umeme.

Naanza na waya huo kwa sababu bendi ninayotaka kuieleza ilitoka mahali ambapo shaba ilikuwa kila kitu: mshahara, barabara, shule, ukumbi wa dansi. Bendi yenyewe ni WITCH ya Zambia, iliyotamba miaka ya 1970 kwa roki ya saikedeliki. Kila ninapomsikilizisha mtu muziki wao, hasa mtu wa Dar au Mombasa aliyezoea rumba na taarabu, swali ni lile lile: ilikuwaje muziki huu ukatokea Zambia? Na baada ya kutokea, ulikwenda wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu roki ya saikedeliki. Ni muziki uliopamba moto katikati ya miaka ya 1960 huko Marekani na Uingereza, na shabaha yake ni kumtoa msikilizaji mahali alipo, ajione kama yuko ndotoni. Gitaa linakwaruza, sauti zinazungukwa na mwangwi, kinanda kinayumba, na wimbo unaweza kwenda mbali na ulipoanzia kabla haujarudi. Kukwaruza huko kunatoka kwenye kikasha kidogo kinachoisukuma sauti ya gitaa kupita kiasi hadi vilele vya mawimbi yake vinakatwa, na noti iliyokuwa laini inanguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kuna na kifaa kingine cha kukanyaga, pedali ya wa-wa. Ukiikanyaga mbele na nyuma, gitaa linafungua na kufumba mdomo kama mtoto anayelia.

Na jina la bendi lilitoka hapo hapo miguuni. Kwa Kiingereza swichi ya kukanyagia inaitwa footswitch. Vijana wakaondoa foot, ikabaki switch. Wakaondoa na ile s, ikabaki witch, yaani mchawi. Baadaye herufi hizo zikapewa kirefu chake: We Intend To Cause Havoc, tumekusudia kuleta vurugu.

Walitokea Kitwe, mji wa migodi katika Ukanda wa Shaba, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Katanga, jimbo la Kongo. Ukivuka upande wa pili uko kwa watu wa Lubumbashi na Kiswahili chao cha migodini, na upande wa Zambia Kibemba ndicho kinachotawala. Mwimbaji wao alikuwa Emmanuel Chanda, ambaye watu wote walimwita Jagari. Jina hilo ni la Mick Jagger wa Rolling Stones, lililopita kwenye ulimi wa Kibantu likaongezewa irabu mwishoni kama tunavyofanya kwa kila neno geni. Gitaa la solo lilikuwa la Chris Mbewe, maarufu kama Kims. Ridhimu ilipigwa na John Muma, besi na Gedeon Mwamulenga, na drams zilikuwa za Boidi Sinkala.

Sasa turudi kwenye swali la kwanini Zambia. Nchi ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za mauzo yake ya nje zilitoka kwenye madini hayo. Mwaka 1966 tume ya serikali ikapendekeza mishahara ya wachimbaji Waafrika ipande kwa asilimia 22, na mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Hebu fikiria kijana wa Kitwe wakati huo. Baba ana mshahara wa mgodini, nyumba ya mgodi ina umeme, kuna klabu ya wafanyakazi na ukumbi wake, na madukani kuna santuri za Jimi Hendrix, Deep Purple na Grand Funk Railroad. Roki ya umeme ni muziki wa gharama. Huwezi kuipiga kwa kopo na waya wa baiskeli kama wengi wetu tulivyoanza gitaa. Inataka umeme, amplifaya, na watu wenye hela ya kiingilio mwisho wa mwezi. Ukanda wa Shaba ulikuwa na vyote hivyo.

Tena kulikuwa na mkono wa Ikulu. Kaunda mwenyewe alikuwa mtu wa gitaa, aliyezunguka nchi akiimbisha wananchi "Tiyende Pamodzi", twende pamoja. Akaagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Agizo halikusema muziki huo uwe wa namna gani, ilimradi umepigwa na Wazambia. Basi vijana waliolelewa kwenye roki wakapiga roki, na redio ikawa haina budi kuwapiga. Majirani zao wa Tanzania walikwenda njia nyingine: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Kaunda na Mwalimu Nyerere walikuwa marafiki wa chanda na pete na siasa zao zilifanana mno, lakini kwenye suala hili vijana wa Kitwe walipewa mlango ambao wenzao wa Dar walifungiwa.

Muziki huo ukaja kuitwa Zamrock. Musi-O-Tunya, waliojiita kwa jina la maporomoko ya Zambezi, walikuwa miongoni mwa watangulizi na walikaa Kenya kwa muda wakipiga huko. Walikuwapo pia Amanaz, Paul Ngozi na Ngozi Family yake, Keith Mlevhu. Lakini aliyejaza kumbi kuliko wote alikuwa WITCH. Maonyesho yao yalianza jioni na kwenda hadi saa nane za usiku, na mara nyingi polisi walihitajika mlangoni kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Jagari hakuwa mtu wa kusimama nyuma ya kipaza sauti. Alikimbia, aliruka, alilala chini, na alipoinuka wimbo ulikuwa bado unaendelea.

Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwanzoni mwa muongo huo. Ukiisikiliza leo unasikia chumba chenyewe. Drams ziko mbali kidogo, kinanda kinavuma, gitaa linapita juu ya kila mtu, na sauti ya Jagari inatafuta nafasi katikati. Mimi naipenda hivyohivyo ilivyo, na sitaki mtu aisafishe. Zambia ilikuwa bado haina kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo kanda za kazi za mwanzo kama hiyo zilipelekwa Nairobi na kurudi zikiwa sahani. Ikafuata In the Past mwaka 1974, kisha Lazy Bones!! mwaka 1975, ambayo kwangu ndiyo kilele chao. Hapo bendi imetulia. Kims anaweza kukaa na noti moja akaikamua hadi iishe, na Mwamulenga na Sinkala wanamshikilia chini bila haraka yoyote.

Tazama mwaka huo, 1975, maana hapa ndipo hadithi inapogeuka. Katika mwaka uliotangulia, bei ya shaba huko London ilikuwa imepanda hadi kiwango ambacho haikuwahi kufika, halafu ikaporomoka kwa zaidi ya nusu kabla mwaka haujaisha. Nchi inayoishi kwa bidhaa moja haina pa kujificha bei ikianguka. Wakati huohuo njia za kupitishia mizigo zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Mpaka wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulifungwa Januari 1973. Reli ya Benguela kupitia Angola ikakatwa na vita mwaka 1975. Kilichobaki ni barabara ya kwenda Dar es Salaam, ile ambayo madereva waliiita njia ya kuzimu kwa ajali zake, na bandari ya Dar iliyokuwa imejaa mizigo kupita uwezo wake. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976, lakini kufikia hapo fedha za kigeni zilikuwa zimekauka.

Kwa mwanamuziki, kukauka kwa fedha za kigeni maana yake ni nyuzi za gitaa. Ni ngozi ya drams, ni taa ya amplifaya iliyoungua na haina mbadala dukani. Vyote hivyo vilitoka nje ya nchi, na serikali iliyokuwa ikihangaika kununua mafuta na vipuri vya migodi isingeweka vyombo vya muziki mbele. Muziki ulichelewa kuanguka kwa sababu vyombo vilikuwa vimekwisha nunuliwa na watu walikuwa bado na akiba mfukoni. Ndiyo maana kazi bora kabisa za WITCH zilitoka wakati uchumi uliozizaa umeshaanza kubomoka.

Kisha vita vikafika mlangoni. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani, na jeshi la Rhodesia likawafuata humohumo. Oktoba 1978 ndege zake zilishambulia kambi karibu na Lusaka, na Aprili 1979 makomando wakaingia jijini na kuibomoa nyumba ya Joshua Nkomo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Taa zikazimwa usiku, watu wakazuiwa kutoka nje. Bendi iliyozoea kupiga hadi saa nane za usiku utaiambia ipige saa ngapi?

Hapa nina maoni yangu. Tanzania nayo ilikuwa na shida za kiuchumi miaka hiyohiyo, tena kubwa, lakini bendi zake nyingi zilidumu. Tofauti naiona kwenye umiliki. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama na mwanamuziki alikuwa na mshahara, na mfano huo ulifuatwa na jeshi, polisi na mashirika ya umma. Mpiga gitaa wa Dar alikuwa mwajiriwa. Mpiga gitaa wa Kitwe alitegemea mlangoni wameingia wangapi. Mfumo wa Dar ulimbana mwanamuziki kwa mengi, lakini siku mlango ulipofungwa hakulala njaa. Wa Kitwe hakuwa na wa kumshika mkono.

Jagari aliliona hilo. Baada ya Lukombo Vibes ya mwaka 1976, ambayo ilikaribia zaidi midundo ya nyumbani, na Including Janet ya mwaka 1977, aliondoka kwenda kusomea ualimu wa muziki katika Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka. Hakukuwa na ugomvi wa kuvunja viti kama tunaousoma kwenye habari za bendi za Ulaya. Alikuwa mtu mzima aliyehitaji kazi yenye mshahara. Wenzake waliendelea bila yeye, wakamchukua kijana wa kinanda aitwaye Patrick Mwondela na kuelekea kwenye disko, kwa sababu disko ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Movin' On ilitoka mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984, kisha kimya. Ukumbi uliokuwa ukilipa watu watano na vyombo vyao sasa ulimlipa mtu mmoja mwenye sahani zake, na kaseti za kunakili ziliuzwa mitaani bila msanii kuambulia hata ngwee.

Halafu UKIMWI ukapita. Katika miaka ya 1980 na 1990 uliwachukua wengi wa kizazi kile cha Zamrock, watu waliokuwa bado na umri wa kupiga. Katika kikosi cha awali cha WITCH, watano niliowataja juu, alibaki Jagari peke yake. Ukiitazama picha ya bendi kwenye jalada la zamani, nywele zimefumka, suruali pana, nyuso za vijana wa miaka ishirini na kitu, ni vigumu kuivumilia ukijua hilo. Jagari mwenyewe aliishia kuchimba vito. Mtoto wa mji wa shaba alirudi ardhini kwa sururu, kutafuta mawe ya kuuza.

Santuri zake, wakati huo, zilikuwa safarini bila yeye. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walizigundua, na nakala za asili zikauzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazitoa upya zile za miaka ya 1970 kwa pamoja. Simu zikaanza kuita. Filamu kuhusu maisha yake ilikamilika mwaka 2019, na kabla yake alikuwa ameshapanda jukwaa Ulaya na vijana wa huko waliojifunza nyimbo zake kutoka kwenye sahani, noti kwa noti, pamoja na makosa yake ya zamani.

Mwaka 2023 ikatoka Zango, albamu mpya ya kwanza yenye jina la WITCH baada ya karibu miaka arobaini. Mwondela alirudi kwenye kinanda chake. Waliirekodi Lusaka, katika studio za DB, zilezile walizozitumia vijana wa Kitwe walipokuwa wakirekodi Lazy Bones!!. Jagari alikuwa amepita miaka sabini. Msikilize humo: bado anakimbia.