Kwa nini jiko la shule linaweza kuokoa msitu?

Ukiuliza shule inachangiaje maendeleo endelevu, wengi watakujibu: ipande miti. Ni kweli, lakini shule ya bweni inayopika makande na uji kwa kuni kila siku hukata miti leo, na mche uliopandwa masika haya utachukua miaka kabla ya kutoa kuni. Ndiyo maana mimi ningeanzia jikoni.

Jiko la mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria kati ya asilimia 10 na 15 tu ya joto la kuni. Lililobaki hupotelea hewani, na moshi humwishia mpishi machoni na kifuani. Jiko banifu la taasisi hujengwa kwa matofali yanayotunza joto, sufuria huzamishwa ndani yake ili moto uizunguke hadi ubavuni, na bomba hutoa moshi nje.

Hasara nyingine iko kwenye maji. Kuligeuza lita moja la maji yanayochemka kuwa mvuke hula nishati karibu mara saba ya ile iliyoyatoa nyuzi 20 na kuyafikisha 100. Sasa fikiria kuni mbichi, ambazo karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji: moto hukausha kuni kwanza, ndipo upike. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa chini ya paa miezi kadhaa huwaka vizuri zaidi, na paa hilo ni mabati machache tu.

Sufuria isiyofunikwa hupoteza joto kwa njia hiyohiyo. Makande yakishachemka, kuongeza kuni hakuyaivishi haraka. Maji hayapandi joto zaidi, yanakauka tu. Nyanda za juu kama Njombe, ambako maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, maharage hukawia zaidi. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kupika, wala hakugharimu chochote.

Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo mwisho wake. Shule nyingi zitahamia gesi au umeme, na ni vyema. Hata huko, maharage yaliyolowekwa na mfuniko uliokaa sawasawa vitapunguza gharama ya mtungi.

Lengo la 4.7 la Umoja wa Mataifa linataka kila mwanafunzi apate maarifa na stadi za maendeleo endelevu ifikapo 2030. Somo hilo lipo tayari nyuma ya bwalo. Wanafunzi wapime kuni kwa mizani kabla ya kupika maharage makavu, wiki inayofuata wapime tena kwa kiasi kilekile kilicholowekwa, kisha wapeleke tarakimu zao kwenye kamati ya shule kabla bajeti ya kuni haijapitishwa.