Chumba cha ofisa mdogo kwenye manowari za zamani
Wengi hudhani kwamba kwenye manowari za tanga za Uingereza kila ofisa alikuwa na chumba chake chenye madirisha ya vioo. Madirisha yale ya nyuma, hasa yale makubwa, yalikuwa ya wakubwa. Kwenye HMS Victory, mojawapo ya manowari hizo, vijana waliokuwa wakijifunza uofisa, wengine wa miaka 13 tu, walilala kwenye bembea za turubai sitaha ya chini kabisa, chini ya usawa wa maji, wakimulikwa na mishumaa. Vita vikianza, sitaha hiyo hiyo iligeuka chumba cha upasuaji. Ndiko alikofia Nelson, amiri maarufu wa Uingereza, mwaka 1805. Luteni alipata kijichumba, kweli, ila kuta zake nyembamba ziliondolewa kabla ya mapigano ili kupisha mizinga.