Mapovu yasipotoka, amini si ya daraja la kwanza?

Wanafunzi wengi wa kemia hudhani kwamba amini (kampaundi ambamo naitrojeni imeungana na kaboni) ya daraja la kwanza, yaani yenye kaboni moja tu iliyoungana na naitrojeni, ikikutana na asidi ya nitrasi lazima itoe mapovu ya naitrojeni. Isipotoa, husema si ya daraja la kwanza. Kwa ethilamini imani hiyo inafaa. Anilini, ambayo nayo ni ya daraja la kwanza, ndiyo inayoivuruga: katika barafu, kwenye nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi, hutengeneza chumvi ya diazoniamu (yenye atomi mbili za naitrojeni zilizoungana), nayo hutulia bila mapovu ya maana. Ongeza beta-naftoli iliyoyeyushwa katika haidroksidi ya sodiamu, utaona rangi ya chungwa iliyokolea, ishara kwamba chumvi hiyo ipo (kemia hiyohiyo hutengeneza rangi za vitambaa). Chumvi hiyo ikipata joto, mapovu huja. Mwenye fomula ahesabu kaboni zilizoungana na naitrojeni: ikiwa moja tu, ni daraja la kwanza.