Fidia sio faini, na wala sio hela ya pole

Juzi tulienda kumwona jamaa yetu hospitali. Pikipiki yake iligongwa ubavuni na gari lililokuwa linaingia barabara kubwa bila dereva kuangalia kulia wala kushoto, mguu umevunjika sehemu mbili, umewekwa vyuma, na kabla hata hatujamaliza kumpa pole mjomba wake akawa ameshatoa hukumu pale pale pembeni ya kitanda: "Yule dereva si kashapelekwa kortini, kakiri kosa, kapigwa faini na kalipa? Sasa huyu anadai fidia ya nini tena, mtu alipe mara mbili?" Tulikuwa watu wazima watano mle ndani, mmoja mwalimu, na wenzangu wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikanyamaza manake mbele ya mgonjwa sio pa kubishana, ila ile sentensi nimeshaisikia mara nyingi mno, msibani, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa watu ambao kazi yao ni sheria, na kila nikiisikia naona kuna mtu mahali fulani anaacha haki yake kwa sababu ya maneno mawili yanayoanza na herufi moja.

Maana nitaisema haraka, manake yenyewe sio ngumu. Fidia ni malipo anayopewa aliyeumia au aliyepata hasara ili arudishwe, kwa kadiri hela inavyoweza kumrudisha, pale alipokuwa kabla ya kuumizwa. Basi. Jaji mmoja wa Uingereza, Lord Blackburn, aliliweka hivyo mwaka 1880 kwenye kesi ambayo wala haikuwa ya ajali, ilikuwa ya watu waliochimba makaa ya mawe chini ya ardhi ya mwenzao, na mpaka leo mawakili wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza wanamtaja.

Sasa tuje kwenye neno, ambako ndiko kwenye utamu. Fidia tumelipata kwa Waarabu, fidya, na asili yake haikuwa ajali wala bima, ilikuwa mateka. Mtu kakamatwa vitani, ndugu zake wanapeleka mali, anaachiwa, ile mali ndio fidya. Ni ukombozi. Ndio maana Waislamu wanalitumia kwa mzee au mgonjwa asiyeweza tena kufunga, analisha masikini badala ya zile siku alizozikosa, na ndio maana waliotafsiri Biblia walipofika Mathayo 20:28 wakaandika "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi" na sijawahi kukutana na msomaji aliyedhani pale pana mtu anapigwa faini. Kweli mwelekeo wa hela umegeuka, zamani waliopoteza mtu ndio waliolipa ili arudi, siku hizi analipa aliyesababisha, lakini shabaha ni ile ile: kuna kitu kimetoka mikononi mwa mwenyewe, mali inatolewa ili kirudi, na kama hakirudi basi thamani yake irudi. Macho yote yako kwa aliyepoteza. Aliyesababisha ni mwema au ni katili, anasikitika au anacheka, neno fidia halimuulizi.

(Na tusilichanganye na diya, ambalo nalo ni la Kiarabu na linafanana kidogo. Diya ni malipo ya nafsi au kiungo kwa sheria ya Kiislamu na kiwango chake kimepangwa, kwa jadi nafsi ni ngamia 100. Fidia haina ngamia waliopangwa, inabidi ukae upige hesabu.)

Faini ni mgeni tofauti kabisa. Hilo tumelipokea kwa Waingereza, wao wakalitoa kwenye Kifaransa cha zamani, na ukilifuata mpaka mzizini unakuta Kilatini, finis, yaani mwisho. Huko nyuma yalikuwa ni yale malipo unayotoa ili mgogoro ufike mwisho. Kwa hiyo mjomba, bila kujua, alikuwa anaongea Kilatini kizuri sana: kalipa faini, imeisha! Shida ni kwamba neno lilishahama zamani. Faini ya leo ni adhabu, inatolewa na mahakama au polisi, na hela inaingia serikalini. Hata shilingi moja haipiti kwenye ule mguu wenye vyuma. Dereva akilipa faini kamalizana na dola kwa kuvunja sheria ya barabarani, na dola haikuvunjika mguu.

Anayenielewa kwa shida nampelekaga mpirani. Kipa wa timu inayoongoza anajilaza chini dakika tatu anajifanya kaumia. Refa anafanya nini? Anampa kadi ya njano, alafu mwisho wa mechi anaongeza dakika kufidia muda uliopotea. Hujawahi kusikia mtu uwanjani anapiga kelele kwamba kipa kaadhibiwa mara mbili. Kadi ni ya kipa kwa utovu wake, dakika ni za mechi kwa sababu mechi ndiyo iliyoibiwa. Na refa hazidishi dakika kwa kuwa kipa ni mkorofi, anahesabu kilichopotea. Sasa kwa nini mpirani tunaelewa wote bila kufundishwa, tukifika kwenye mguu wa mtu tunapotea?

Kwa kuwa ni mambo mawili, yanakwenda njia mbili. Kesi ya jinai ni ya serikali na mshtakiwa, aliyeumia pale ni shahidi tu, na kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Dai la fidia ni la madai, ni lako wewe na aliyekugonga (na bima yake nyuma), na kipimo chake ni chepesi zaidi, mahakama inaangalia maelezo ya nani yana uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzake. Matokeo yake ni kitu kinachowashangaza wengi: dereva anaweza kuachiwa huru kwenye jinai na bado akashindwa kwenye fidia. Ushahidi ule ule, mizani tofauti. Nchi nyingine zinaruhusu mahakama ya jinai iamuru na fidia humo humo, sawa, lakini hata hapo ni amri mbili.

Kuna neno jingine linalonikera kidogo, dai. Kwenye Kiswahili cha kila siku "namdai" maana yake ana hela yangu, deni lipo, tunasubiri siku tu. Mtu akisema "naidai bima" anajisikia kama ile hela ishakuwa yake, imekwama tu kwenye droo ya mtu. Lakini dai na deni hayatoki mzizi mmoja. Dai linatoka kwenye Kiarabu cha kuita, ni mwito, unasimama unasema hiki ni haki yangu, na baada ya kuita ndio unaulizwa haya, onyesha. Kwamba dereva alikuwa mzembe, kwamba uzembe wake ndio uliokuumiza, na kwamba hasara ni hii hapa. Hasara zenyewe zina pande mbili, kuna zile za kuhesabika, matibabu, dawa, nauli za kliniki, siku ambazo hukufanya kazi, pikipiki yenyewe, helmeti iliyopasuka, hizi mahakama inataka kuziona kwenye karatasi, na kuna zisizo na risiti, maumivu, kovu, goti lisilokunja tena, hizi anakadiria jaji akiangalia kesi zilizofanana. Watu wanaipigania hii ya pili kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye stori za "fulani kapata mamilioni", kumbe inayowaponyoka ni ile ya kwanza, kwa vikaratasi tu. Pale hospitali nilimwona mama wa mgonjwa kaandika namba ya simu ya shangazi mtu nyuma ya risiti ya dawa, kaikunja, kampa mgeni akaondoka nayo.

Alafu kuna hili la helmeti ambalo wenye pikipiki wanalijua nusu. Wanaambiwa "hukuvaa helmeti, huna chako". Zamani ingekuwa hivyo kweli. Mwaka 1809 kule Uingereza kuna mtu alikuwa anakimbiza farasi jioni giza linaingia, akagonga nguzo ambayo mwenye nyumba kaiweka njiani wakati anakarabati, na mahakama ikamwambia ungeenda taratibu ungeiona, kwa hiyo huna kitu. Kosa lako dogo lilikuwa linafuta kosa kubwa la mwenzako. Sheria yao ikabadilika mwaka 1945, tangu hapo fidia inapunguzwa kulingana na mchango wako, haifutwi. Kuna mwendesha pikipiki ndogo aligongwa huko huko hana helmeti, miaka ya 1970 mwanzoni mahakama ya rufaa ikampunguzia asilimia 15. Mwingine baadaye alikuwa nayo kichwani lakini hakufunga mkanda wa kidevuni, yeye asilimia 10. Na angalia mantiki, manake ni nzuri: kutovaa helmeti hakukusababisha gari likugonge, kumeongeza tu jeraha la kichwa. Kwa hiyo ukivunjika mguu tu, kichwa kizima, mtu wa bima akianza habari za helmeti muulize kwa upole helmeti huwa inavaliwa mguu gani. Ila sio nchi zote zimeacha ule utaratibu wa zamani, majimbo machache ya Marekani bado yanao, kosa lako kidogo tu unatoka mikono mitupu.

Na pole je? Hapa ndipo kwenye mtego. Hela ya pole ni hiari, mwenye gari anakuja na bahasha, anasalimia, anaacha, Mungu ambariki. Hiyo sio fidia na kuipokea kwenyewe hakufuti dai lako, labda itakatwa kwenye hesabu baadaye. Lakini bahasha ikija na karatasi ya kusaini, soma. Ikiandikwa kwamba umepokea malipo yote na huna dai lolote tena, basi ile sio pole, ni fidia ya bei ya kutupa, na ukishaweka dole gumba ukaja kugundua baada ya miezi minne kwamba mfupa haujaunga na inabidi upasuliwe tena, kuifungua tena ile habari ni kazi ngumu sana. Hakuna anayekukataza kumalizana nje ya mahakama, madai mengi yanaisha hivyo na ni vizuri, tatizo ni kumalizana kabla daktari hajajua utapona kiasi gani. Kwa upande mwingine usikae tu ukisubiri, sheria ina ukomo wa muda, kwa Uingereza ni miaka 3, sehemu nyingine ni pungufu ya hapo.

Bima nayo sisemi mengi. Thadi pati, mtu wa tatu, wengi hawajui huyo wa tatu ni nani. Wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, wa tatu ni mtu wa nje aliyeumizwa. Kwa hiyo bima ya gari lililomgonga jamaa yetu inamhusu yeye, lakini thadi pati ya pikipiki yake mwenyewe ingekuwa haina habari naye kama angeteleza peke yake akaangukia mtaro.

Na kwa wanaosema bila mkosaji hakuna fidia, New Zealand tangu 1974 ukiumia kwenye ajali unalipwa na mfuko wa taifa bila kuuliza nani alikosea, na kwa jeraha lenyewe huruhusiwi kwenda kumshtaki mtu akufidie. Dereva mzembe bado anashtakiwa na serikali kwa uzembe wake. Yaani wenzetu wamevitenganisha mpaka vikawa nyumba mbili, adhabu kule, kurudishiwa huku.

Mjomba nilimpigia jioni yake. Sikumwambia kakosea, yeye mkubwa kwangu. Nilimwambia tu, mjomba shikamoo, ile faini ilikuwa kati ya dereva na serikali, na wameshamalizana, huyu kijana hadai alipwe faini, anadai arudishiwe mguu na kwa kuwa mguu haurudi ndio tunaongelea hela. Akasema marahaba, akanyamaza kidogo. Alafu akauliza kama kuna anayejua ile risiti iliyoandikwa namba ya shangazi imeenda na nani.