Je, wajua kwa nini wanafunzi walifurahi Yesu alipopaa?

Luka anafunga Injili yake kwa jambo ambalo halina budi kumshangaza yeyote aliyewahi kumsindikiza mtu wake. Yesu anawaongoza wanafunzi mpaka karibu na Bethania, anainua mikono na kuwabariki, na akiwa bado anawabariki anajitenga nao, anachukuliwa juu. Halafu Luka anaandika hivi: "Wakamwabudu, kisha wakarudi Yerusalemu wenye furaha kuu." Hasemi kwamba walijikaza au walifarijiana. Anasema walikuwa na furaha kuu.

Ukiisoma aya hiyo Bagamoyo, inazidi kukushangaza, maana huu ni mji uliozoea kuagana. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilianzia na kuishia hapa, na jahazi za Unguja zilibeba watu ambao wengi wao hawakurudi tena. Mwezi Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, baada ya kutembea miezi kadhaa kutoka bara, waliufikisha mwili wake kwenye kanisa la misheni, nao ukavushwa baharini kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Hakuna hata mara moja, katika kuagana kote huko, ambapo waliobaki ufukweni wanasimuliwa kwamba walirudi nyumbani wakishangilia. Hao kumi na mmoja walikuwa wameona nini?

Wakristo wengi, ukiwauliza Kupaa maana yake nini, watakujibu kwamba Yesu alimaliza kazi akarudi kwao, nasi tunamngoja. Kwa jibu hilo sikukuu inakuwa ya kuaga tu, pengo la siku chache kati ya Pasaka na Pentekoste, na katika rozari inakuwa tendo la pili la utukufu ambalo midomo hulipitia haraka. Jibu hilo si uongo mtupu, kwa sababu wanafunzi kweli waliacha kumwona. Lakini likisimama peke yake, furaha ya wanafunzi inabaki haina sababu, na nusu ya Agano Jipya inakosa msingi.

Dhana hiyo imelelewa kwa muda mrefu, tena na Kanisa lenyewe. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 15 na 16 walipenda kuonyesha nyayo mbili zikining'inia chini ya wingu, na wanafunzi wamekodoa macho. Katika makanisa kadhaa ya kusini mwa Ujerumani na Austria dari iliachiwa tundu, na siku ya Kupaa sanamu ya Yesu ilifungwa kamba ikavutwa juu polepole mbele ya waumini mpaka ikapotelea humo. Na katika liturujia ya Kilatini ya zamani, mshumaa wa Pasaka uliokuwa umewaka tangu mkesha ulizimwa siku hiyo mara tu Injili ilipokwisha kusomwa. Mtoto aliyeuona mshumaa ukizimwa alihitaji mahubiri gani tena ili aelewe kwamba Yesu ameondoka? Baada ya mageuzi ya liturujia ya karne ya 20, mshumaa huo sasa unaendelea kuwaka mpaka Pentekoste. Badiliko hilo lilipita kimya, nami naliona miongoni mwa yaliyokuwa na busara kubwa.

Kosa la pili linaandamana na hilo, nalo ni kudhani kwamba mbinguni ni mahali fulani juu ya mawingu, ambapo mtu angefika kama angekuwa na chombo chenye nguvu ya kutosha. Yuri Gagarin, rubani wa Kisovieti, alipoizunguka dunia angani mwaka 1961, yalienezwa maneno kwamba amesema hakumwona Mungu huko juu. Hakuna kumbukumbu ya mazungumzo yake ya safarini yenye maneno hayo, na hata kama angeyasema, asingekuwa amegusa imani yenyewe. Mfalme Sulemani, katika sala yake ya kuliweka wakfu hekalu, tayari anamwambia Mungu kwamba mbingu hazimtoshi, wala mbingu za mbingu. Waandishi wa Biblia waliongea habari za juu kama sisi tunavyosema cheo cha mtu kimepanda, na walijua wanachosema.

Tuliangalie basi lile wingu, maana hapo ndipo maana inapofunguka. Matendo ya Mitume yanasema wingu lilimpokea kutoka machoni pao. Myahudi aliyekulia kwenye Torati hakulifikiria wingu hilo kuwa chombo cha usafiri. Wingu ndilo lililoifunika hema ya kukutania hata Musa asiweze kuingia, ndilo lililowatia kivuli wanafunzi watatu mlimani Yesu alipogeuka sura. Wingu huwa pale Mungu alipo. Na zaidi ya hayo kuna njozi ya Danieli, sura ya 7: mmoja aliye mfano wa mwanadamu anakuja pamoja na mawingu ya mbinguni, anamkaribia Mzee wa Siku, yaani Mungu, anapewa mamlaka na utukufu na ufalme. Angalia mwelekeo wa safari hiyo. Wanaosimama Mlima wa Mizeituni wanaona mtu anaondoka. Danieli amesimama upande wa pili, naye anaona mtu anawasili, na akishawasili anatawazwa.

Hapo furaha inaanza kueleweka. Zaburi ya 110 inaanza kwa Bwana kumwambia mfalme aketi mkono wake wa kuume, na hakuna aya ya Agano la Kale inayorejewa katika Agano Jipya mara nyingi kuliko hiyo. Kanuni ya imani iliyotungwa Nikea mwaka 325 ilisema alipaa mbinguni. Ile ya Konstantinopoli, mwaka 381, iliongeza kwamba ameketi kuume kwa Baba. Maneno hayo machache yanatoa tafsiri: kupaa ni njia ya kukifikia kiti. Wanafunzi walirudi mjini kama raia ambao mtu wao ametoka kutawazwa.

Lakini kutawazwa kwa nani? Hapa ndipo nadhani wahubiri wengi hupita mbio, na ndipo ningependa wakae. Kwa imani ya Kanisa, Mwana wa Mungu hakuwahi kukosa utukufu wa kimungu, kwa hiyo upande huo hapakuwa na kiti kipya cha kukalia. Kilichokuwa kipya mbinguni ni mwili. Ni ubinadamu uliozaliwa na mwanamke, uliosikia njaa, uliopigwa, na ambao hata baada ya kufufuka ulibaki na makovu ambayo Tomaso aliambiwa ayaguse. Yesu hakuuvua mwili huo mlangoni. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwahubiria watu wa Roma kwamba kupaa kwa Kristo ni kuinuliwa kwetu sisi, kwa kuwa alikotangulia kichwa ndiko mwili nao unakoitwa. Paulo anathubutu hata kutumia wakati uliopita: Mungu ametuketisha pamoja naye.

Jambo hili linaonekana vizuri kwenye misheni ya Bagamoyo kuliko kwenye vitabu vingi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hiyo mwaka 1868, ya kwanza ya Kikatoliki kwenye pwani ya bara ya Afrika Mashariki, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwalea watoto waliokombolewa utumwani. Katika jumba la makumbusho la misheni zimehifadhiwa pingu na minyororo ya biashara ile. Ni chuma kizito, kilichotengenezwa kwa kipimo cha mwili wa binadamu, kwa sababu aliyekitengeneza alihitaji kujua unene wa shingo na wa kifundo cha mguu. Sasa fikiria katekisimu ikifundishwa mita chache kutoka hapo, kwa mtoto mwenye kovu la chuma kama hicho, kwamba mwili wenye makovu ndio ulioketi kuume kwa Mungu Baba Mwenyezi. Sina haja ya kukisia mtoto yule alijisikiaje. Fundisho lenyewe linatosha kuona uzito wake, maana linasema mwili ambao sokoni ulitajiwa bei umepewa nafasi ambayo malaika hawakupewa.

Yesu anafanya nini huko? Waraka kwa Waebrania unajibu kwa picha ya kuhani mkuu. Mara moja kwa mwaka kuhani mkuu wa Israeli alipita nyuma ya pazia la patakatifu pa patakatifu akiwa na damu, kwa niaba ya watu waliobaki nje. Hawakumwona, na kutomwona kwao ndiko kulikuwa dalili kwamba kazi inaendelea. Waraka unasema Kristo ameingia mbinguni kwenyewe, ili aonekane mbele za Mungu kwa ajili yetu, na kwamba yu hai siku zote ili awaombee watu. Kisha mwandishi, katika sura ya 6, anabadili picha ghafla. Anasema tumaini hili ni nanga ya roho inayoingia ndani ya pazia, alikoingia Yesu mtangulizi wetu.

Nanga ndani ya pazia la hekalu ni picha ngeni mpaka uiangalie kwa macho ya nahodha wa Bagamoyo. Mashua ikiwa njiani nanga imelala ndani ya chombo, na wakati huo ni mzigo tu wa chuma unaochukua nafasi ya shehena. Baharia anaweza kuigusa, anaweza kuikalia, lakini haimshikilii. Upepo ukigeuka na mkondo ukianza kukisukuma chombo kwenye miamba, nahodha anaamuru itoswe. Sharti itoke chomboni. Inazama, maji yanaifunika, hakuna anayeiona tena, na ni hapo tu, ikishauma mchanga, ndipo inapokuwa nanga kweli. Kinachobaki mkononi ni amari, ile kamba nene inayoshuka majini ikiwa imekazwa. Mawimbi hayakomi na mashua itaendelea kuyumba, lakini haiendi mbali, kwa sababu imefungwa kwenye kitu kisichoyumba. Waebrania wanaigeuza nanga hiyo itoswe juu, kwa Mungu. Ukiishika picha hii, utaelewa maneno magumu ya Yesu katika Yohana 16: "yawafaa ninyi mimi niondoke." Anaendelea kueleza kwamba asipoondoka, Msaidizi, yaani Roho Mtakatifu, hatakuja kwao. Kwa picha yetu, Roho ndiye amari. Yesu angebaki Galilaya angekuwa wa Galilaya, mtu wa kufuatwa kwa miguu na wale wenye nafasi ya kusafiri.

Ndiyo maana Mathayo anaweza kumaliza Injili yake bila kusimulia Kupaa kabisa. Neno lake la mwisho ni ahadi ya Yesu kwamba yupo pamoja nao siku zote, hata ukamilifu wa dahari. Luka na Mathayo hawapingani: aliyetawazwa ndiye aliyepo kila mahali. Namna ya kuwapo huko, hata hivyo, imewagawanya Wakristo. Mwaka 1529, mjini Marburg, Luther na Zwingli, viongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, walijadiliana kuhusu Meza ya Bwana, wakakwama kwenye swali hili hili. Zwingli alishikilia kwamba mwili uliopaa uko mbinguni, kwa hiyo hauwezi kuwa pia kwenye mkate. Luther alifundisha kwamba mkono wa kuume wa Mungu ni uweza wake, na uweza wa Mungu hauna mahali usipokuwapo. Waliachana bila kukubaliana.

Kuhusu siku yenyewe, tuwe waangalifu. Hesabu ya siku 40 kutoka Pasaka hadi Kupaa inatoka kwenye Matendo peke yake. Ukiisoma sura ya 24 ya Luka bila kuijua, utadhani yote yalitokea siku ile ile ya Pasaka, ilhali mwandishi wa vitabu vyote viwili ni mmoja. Wengine huiona 40 kuwa hesabu kamili ya siku, wengine huiona kama ile 40 ya Musa mlimani na ya Eliya njiani, yaani kipindi kilichotimia. Ukihesabu Pasaka kuwa siku ya kwanza, ya 40 huangukia Alhamisi, ingawa katika nchi nyingi Wakatoliki wameihamishia Jumapili inayofuata ili watu wapate kusali.

Na kwa kuwa Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, msomaji jirani atasema, sawasawa kabisa, kwamba hata Kurani inafundisha Nabii Isa aliinuliwa. Sura ya 4, aya ya 157 na 158, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Tofauti iko kwenye makovu: kwa Waislamu kuinuliwa kulimwepusha na msalaba, kwa Wakristo aliyeinuliwa ni yule aliyepitia msalabani. Tofauti hiyo ni kubwa, na watu wameishi nayo kwa heshima. Kikanisa cha pembe nane cha Kupaa, juu ya Mlima wa Mizeituni, kimekuwa mikononi mwa Waislamu tangu mwishoni mwa karne ya 12, na sikukuu inapofika Wakristo huruhusiwa kusali humo.

Luka anaeleza pia walichofanya wanafunzi walipofika mjini. Watu wawili wenye mavazi meupe walikuwa wamekwisha kuwauliza mbona wamesimama wakitazama mbinguni. Basi wakapanda orofani, pamoja na wanawake na Mariamu mama yake Yesu, wakadumu katika sala mpaka Pentekoste. Novena ya Roho Mtakatifu, yaani sala ya siku tisa, imetoka hapo, na mwaka 1897 Papa Leo XIII aliagiza isaliwe kila mwaka katika parokia zote. Huanza Ijumaa, kesho yake Kupaa kwa hesabu ya siku 40.