Kuchanua kabla ya wakati: maana yake, sababu zake na la kufanya

Ukisimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, angalia wateja wanavyochagua. Mche wenye ua unachukuliwa wa kwanza, ule wa kijani mtupu unabaki. Ushauri wangu ni kuchukua ule uliobaki. Mche wa petunia au wa pilipili hoho uliochanua ukiwa bado kwenye kiriba mara nyingi umekaa humo muda mrefu kupita kiasi. Mizizi imeizunguka nailoni hadi imejisokota, udongo unakauka kabla ya jioni, na chakula kidogo kilichobaki mche unakipeleka kwenye ua wakati shina bado jembamba.

Hiyo ndiyo hali ya kuchanua kabla ya wakati: mmea unaacha kujenga mwili na kuingia kwenye kuzaa ukiwa haujafikia ukubwa anaoutaka aliyeupanda. Ncha ya shina iliyokuwa ikitoa majani inageuka na kuanza kutoa maua, na kwa kawaida ikishageuka hairudi. "Wakati" unaotajwa hapa ni wa mkulima. Mchicha ukichanua mapema ni hasara kwa anayeuza mafungu, kwa kuwa majani yanabaki madogo na shina linakuwa gumu. Mrehani ukichanua, anayeupanda kwa ajili ya jikoni anasikitika, lakini mtunga vikuba, yaani vishada vidogo vya maua yenye harufu nzuri, wa Unguja au Mombasa anautaka na kishada chake cha maua.

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayoonekana zaidi mashambani, ni dhiki. Mimea ya msimu mmoja ina maisha mafupi. Ikikosa maji, ikibanana, au mizizi yake ikikatwa wakati wa kuhamishwa, huharakisha mbegu ili isife bila kizazi. Giligilani, ambayo Kenya huitwa dania, ni mfano mzuri. Ina mzizi mkuu unaoshuka chini moja kwa moja na haupendi kuguswa, na joto likizidi hutoa shina refu lenye majani membamba kama nyuzi, kisha maua meupe. Saladi nayo joto huifanya irefuke na kuwa chungu.

Sababu ya pili ni urefu wa mchana. Huko Marekani, watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo, Garner na Allard, walikuwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo ilirefuka kiangazi kizima bila kuchanua. Waliingiza baadhi ya mimea kwenye kibanda chenye giza ili kuufupisha mchana wake, nayo ikachanua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1920. Aina nyingi za mchicha zina tabia hiyohiyo ya kuchanua upesi mchana ukiwa mfupi. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na Nairobi ni kama dakika 10 tu. Kwa hiyo kwetu mchicha haupati mchana mrefu wa kuuzuia. Kilichobaki mikononi mwa mkulima ni kuchagua aina inayochelewa maua na kuilea vizuri.

Sababu ya tatu ni baridi, na hapa wakulima wa vitunguu maji hulia sana. Kitunguu kwa asili ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza hujaza kichwa, wa pili hutoa maua. Mche mdogo hauitambui baridi. Ukishanenepa kufikia unene wa penseli, wiki kadhaa za baridi huuaminisha kwamba mwaka wa kwanza umepita, nao hutoa bua lenye ua hata kama kichwa hakijajaa. Ndiyo maana nyanda za juu miche iliyozeeka kitaluni kisha ikapandwa msimu wa baridi huleta balaa. Kukata bua hilo hakukiokoi kitunguu, maana katikati yake pamekwisha kuwa pagumu na hakihifadhiki. Kile kilichochanua king'olewe na kuliwa kwanza.

Walioko Uingereza wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Huko pansi na primula, mimea ya maua ya mapambo, hupandwa bustanini vuli, mwezi Septemba au Oktoba, ili zipambe majira ya machipuko. Vuli ikiwa na joto kuliko kawaida, huchanua kabla ya Krismasi. Dawa ni kuyachuma maua hayo yanapoanza kunyauka na kuacha kuweka mbolea hadi machipuko. Mimea haijaharibika, na mingi huchanua tena baridi ikilegea.

Kwa miche ya kwetu, kazi ni ya kucha mbili: binya tumba la ua kabla halijafunguka. Pilipili hoho nikiyatoa hata maua ya kwanza, jirani huniambia ni ukatili, lakini mche unaobinywa hutanua matawi, na matawi ndiyo yatakayobeba matunda. Kisha uhamishe jioni, ulegeze kwa vidole mizizi iliyojisokota, umwagilie hadi chini na uweke matandazo. Mchicha uvunwe kwa kukata ncha mapema ili utoe machipukizi ya pembeni. Giligilani ipandwe moja kwa moja tutani, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili.

Kosa linaloniuma zaidi linafanywa kwa nia njema. Mchicha uliowahi kuchanua haufai tena kwa mboga, basi mkulima anauacha palepale ukomae awe na mbegu za msimu ujao. Hapo amechagua, bila kujua, mmea wenye haraka kuliko yote shambani, na wengi wa watoto wake watakuwa na haraka hiyohiyo. Mwanzoni mwa msimu funga kitambaa kwenye mashina machache yenye afya, na ya mbegu yawe yale yaliyochanua mwisho kati ya hayo.