“Mtandao hakuna”: kupima seva nyingi kwa skripti moja

“Mtandao hakuna.” Afisa TEHAMA wa halmashauri, hospitali au chuo huisikia kauli hii kila mara, na nyuma yake huwa kuna hitilafu zisizofanana hata kidogo: jina la seva halipati anwani, njia imekatika, au seva iko hai ila programu iliyomo imezimika. Seva moja utaipima kwa mkono. Zikifika ishirini, andika skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe.

Wengi huanza na ping, na si vibaya. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 huko Marekani, alipokuwa akisaka hitilafu ya mtandao, na kazi yake haijabadilika: inatuma pakiti ndogo ya ICMP (ujumbe wa kupima mtandao) na kungoja jibu. Kosa ni kuifanya hakimu wa mwisho. Faiawoli (walinzi wa mtandao) nyingi huzuia ICMP kwa makusudi, hivyo seva inayohudumia watu vizuri itaonekana imekufa. Kinyume chake kinaudhi zaidi: ping inajibu bila shida, kumbe hifadhidata imesimama tangu usiku na dirisha la malipo lina foleni. Anayejibu ping ni mfumo endeshi, si programu yako.

Kwa hiyo pima porti, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia. Tovuti za HTTPS husikiliza porti 443, SSH (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) 22, hifadhidata ya PostgreSQL 5432. Andika orodha kwenye faili seva.txt, kila mstari jina na porti, kisha kwenye Linux:

```
#!/bin/bash
while read -r jina porti; do
  if ! getent ahosts "$jina" >/dev/null; then
    hali="JINA HALIPATIKANI"
  else
    timeout 3 bash -c "</dev/tcp/$jina/$porti" 2>/dev/null
    case $? in
      0)   hali="WAZI" ;;
      124) hali="KIMYA" ;;
      *)   hali="IMEKATALIWA" ;;
    esac
  fi
  echo "$(date '+%F %T') $jina $porti $hali"
done < seva.txt
```

Hakuna cha kusakinisha. Bash, programu inayosoma amri za Linux, yenyewe hufungua muunganisho wa TCP kupitia /dev/tcp. Ila iwe Bash kweli: sh ya Debian na Ubuntu ni dash, na dash haina uwezo huo.

Faida yote iko kwenye kusoma majibu. IMEKATALIWA mara nyingi ni habari nzuri kiasi: mashine ipo, imekujibu, isipokuwa hakuna programu inayosikiliza porti hiyo. Mpigie msimamizi wa programu, usiisumbue kampuni ya intaneti. KIMYA ni jambo jingine. Pakiti zimekwenda, sekunde tatu zimepita, hakuna kilichorudi, na timeout imetoa msimbo 124. Hapo kagua faiawoli, umeme wa upande wa pili, au njia yenyewe. Na kama kila mstari unasema JINA HALIPATIKANI, mtuhumiwa ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Ndiyo maana orodha iwe na angalau mstari mmoja wenye anwani ya IP badala ya jina.

Panga orodha kuanzia karibu kwenda mbali: rauta ya ofisi, seva ya jengo, kituo cha data ndani ya nchi, mwisho huduma za ng’ambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo orodha iliyopangwa hivi huonyesha yenyewe kwamba mistari ya juu iko wazi na ya chini ndiyo inayokwama, kabla hujaanza kuzimazima rauta bure. Weka seva zako tu, au ulizoruhusiwa kupima. Kugongagonga porti za wengine kunaweza kukufikisha kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Sasa mtego unaopoteza asubuhi nzima. Orodha ikiandikwa kwenye Windows, kila mstari huishia na herufi ya ziada isiyoonekana, na skripti hudhani hiyo ni sehemu ya porti. Matokeo: orodha nzima inasema IMEKATALIWA huku kila kitu kinafanya kazi. Dawa ni `sed -i 's/\r$//' seva.txt`. Pia bonyeza Enter baada ya mstari wa mwisho, la sivyo read itauruka.

Ukitaka ijiendeshe kila dakika tano, tumia cron, kipanga-ratiba cha Linux, na ndani ya skripti andika njia kamili ya seva.txt, kwa sababu cron haianzii kwenye folda ulimohifadhi skripti. Fanya hesabu pia: seva 100 zikinyamaza zote, sekunde tatu kila moja, ni dakika tano kamili, na mzunguko mpya unaanza wa kwanza haujaisha. Amri ya flock huzuia hilo (hapa skripti imehifadhiwa kama /opt/pima.sh):

```
*/5 * * * * flock -n /tmp/pima.lock /opt/pima.sh >> /var/log/pima.log
```

Usiiweke kwenye chumba cha seva peke yake. Huko kila kitu kiko jirani na majibu yatakuwa mazuri daima. Iendeshe pia kwenye kompyuta ya tawini, wanakokaa watumiaji. Seva ileile ikiwa WAZI makao makuu Dodoma na KIMYA tawi la Mbeya, kwa dakika ileile, huna haja ya kuigusa seva. Anza na kiungo cha Mbeya na faiawoli zilizo njiani.